Fundi kaniandikia ndoo ya lita 20 kwa makabati ya jikoni tu. Hesabu yake inatokaje?

Mama Zuhra, Tanga

Habari zenu wanajamvi, na wakubwa wote shikamooni.

Nataka kupaka rangi makabati ya jikoni kwangu, hapa Makorora. Jiko hilo ndilo ninalopikia oda: alfajiri maandazi na vitumbua, Ijumaa pilau na sambusa za watu. Mafuta na mvuke havikatiki humo.

Makabati ya chini ni ya mninga, yalitengenezwa tulipojenga. Yamepigwa vanishi, ila mbele ya sinki na karibu na jiko la gesi imebabuka, kwingine bado inang'aa. Ya juu tuliyaongeza baadaye. Hayo ni ya MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, yalipakwa rangi ya mafuta nyeupe, na nyeupe yenyewe siku hizi imegeuka manjano. Kinachonishangaza, manjano imekolea zaidi upande wa ndani wa milango, kusikofika mwanga, kuliko upande wa nje unaopigwa na moshi.

Fundi alikuja juzi. Alisimama mlangoni, akatazama, hakushika hata futi, akaniandikia karatasi: rangi ya mafuta ndoo moja ya lita 20, andakoti (rangi ya kutangulia chini) galoni mbili, thina lita 10, msasa. Nikamuuliza lita 20 zimetoka wapi, akanijibu "ndivyo tunavyonunua". Mimi mtu akiniletea oda ya pilau ya watu 50, namwambia mchele kilo kadhaa, nyama kilo kadhaa, na kila kilo naweza kumweleza inakwenda wapi. Na yeye nilitaka anieleze hivyohivyo.

Basi nimepima mwenyewe. Chini kuna milango 8, kila mmoja sm 45 kwa 70, na droo 4 za sm 45 kwa 17. Juu kuna milango 6 ya sm 40 kwa 60. Unene wa milango yote ni kama sm 1.8. Kwa mbele, makabati ya chini yanafika mita 4.5 nikijumlisha kona, ya juu mita 2.6.

Ninachoomba kujua ni lita ngapi hasa zinahitajika. Halafu, binti yangu anataka chini na juu yote yawe meupe. Je, mninga na MDF vinapakwa kwa namna moja? Na mjue kwamba jiko siwezi kulifunga wiki nzima, wateja wangu watahama.

---

Chambo

Lita 20 ni ya nyumba, mama. Usitoe hela kwanza, subiri mafundi waamke.

---

Fundi Keko

Mama Zuhra, shikamoo. Mimi napaka rangi fenicha hapa Keko, Dar es Salaam, na makabati ya jikoni ndiyo kazi ninayoipata zaidi. Kwa kuwa umeshapima, kazi kubwa umeimaliza. Tuipige hesabu pamoja, na uikague.

Mlango mmoja wa chini ni 0.45 mara 0.70, sawa na mita za mraba 0.315. Unapakwa mbele na nyuma, kwa hiyo 0.63. Milango 8 inakuwa 5.04. Mlango wa juu ni 0.40 mara 0.60, sawa na 0.24, pande mbili 0.48, milango 6 inakuwa 2.88. Nyuso za droo nne, mbele na nyuma, ni 0.61.

Wengi wanaishia hapo, na rangi inawaishia kabla ya kazi. Kuna kingo. Mlango wa chini ukiuzungushia futi ni mita 2.3, wa juu mita 2, droo mita 1.24. Zijumlishe zote ni zaidi ya mita 35 za ukingo, na kwa unene wa sm 1.8 unapata mita za mraba 0.64. Kisha kuna fremu ambazo milango inafungia. Kwa makabati ya ukubwa wako, fremu za upana wa sm 5, za kulala na za kusimama, zinafika mita 25 hivi za urefu, andika 1.27. Mbavu zinazoonekana, mbili chini na mbili juu, weka 1.33. Kama ubavu mmoja umebanwa na ukuta, utoe. Ubao wa chini kule miguuni, 0.45.

Jumla ni mita za mraba 12.2. Ndani ya makabati sijahesabu, na kwa mtu anayehifadhi chakula cha biashara sishauri upake ndani. Harufu ya rangi ya mafuta inakaa muda mrefu ndani ya boksi lililofungwa, na unga unanasa harufu.

Sasa lita. Kwenye kopo pameandikwa lita moja inapaka mita za mraba ngapi. Rangi nyingi za mafuta huandikwa kati ya 10 na 14. Mimi hukamata 10, kwa sababu hiyo namba ya juu inapatikana kwenye ubao laini kabisa, na brashi na rola nazo zinakunywa. Kwa hiyo 12.2 gawa kwa 10 ni lita 1.22 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Mikono miwili, lita 2.44. Ongeza sehemu ya kumi ya kurekebisha hapa na pale, unafika lita 2.7. Yaani makopo matatu ya lita moja, au galoni moja ya lita 4 kama bei ya galoni ni nafuu na unataka akiba. Andakoti mkono mmoja, lita 1.5, nunua 2.

Lita 20 kwa kiwango hichohicho ni mita za mraba 200 za mkono mmoja, au 100 za mikono miwili. Mlango wa chumba wa sm 80 kwa mita 2, pande zote mbili, ni 3.2. Kwa hiyo ndoo hiyo inapaka milango ya vyumba 30 na chenji inabaki.

Simhukumu fundi wako kabla hajaulizwa. Huenda amejumlisha na kuta. Huenda anapuliza kwa kompresa, na bunduki ya kawaida ya kompresa inaweza kupoteza nusu ya rangi au zaidi ikaishia hewani. Lakini hata ukizidisha mara mbili, hufiki hata lita 6.

Iliyonishtua zaidi ni thina lita 10. Rangi ya mafuta ya kopo inachanganywa kidogo sana, asilimia 5 mpaka 10, na kinachotumika ni tapentaini au white spirit. Lita moja inatosha kuchanganyia na kuoshea brashi. Kama alimaanisha ile thina kali ya rangi za magari, usikubali iguse makabati ya juu. Ikikutana na rangi ya mafuta ya zamani inaichimba kutoka chini, rangi inavimba na kukunjamana, na hapo dawa yake ni kukwangua yote mpaka kwenye ubao.

Kuhusu manjano: si moshi peke yake. Rangi nyeupe ya mafuta ina tabia ya kugeuka manjano ikikosa mwanga, ndiyo maana ndani ya milango imezidi. Ukiipaka tena rangi ya aina ileile itarudi palepale. Ukitaka nyeupe idumu, ulizia rangi ya maji ya mbao na vyuma, ile inayokauka ngumu. Usichukue ya ukutani. Ukiikosa, chagua krimu, manjano haitaonekana.

Na sasa maandalizi, maana kwa jiko kama lako rangi inashika au inabanduka kutokana na hayo kuliko kitu kingine chochote. Pitisha kidole juu ya ukingo wa juu wa mlango ulio karibu na jiko la gesi, halafu chini ya kishikio pale vidole vinapoingia. Utakuta utando unaonata, rangi ya kahawia. Msasa ukipita juu ya utando huo hauondoi mafuta, unayasugulia ndani ya mikwaruzo. Kwa hiyo osha kwanza: maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza, acha ikauke. Kisha kitambaa cheupe chenye spiriti. Kikitoka na njano, rudia. Kikitoka cheupe ndipo uguse msasa, namba 180, halafu 240. Makabati ya juu msasa wake upigie maji, usiupige mkavu. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma, hasa zile za njano na nyekundu, nyingi zilikuwa na risasi, na jikoni kwa mtu anayelisha watu vumbi la rangi ya zamani halitakiwi kabisa. Ila maji yawe kidogo, kitambaa kiwe karibu, maana MDF na maji haviivani.

Kabla ya hapo fanya jaribio dogo kwenye mlango mmoja wa juu. Chukua wembe, chora msalaba mdogo sehemu isiyoonekana, ufike kwenye ubao. Bandika selotepu juu yake, ikandamize kwa ukucha, ivute kwa nguvu. Ikitoka na vipande vya rangi, rangi ya zamani haijashika, na ukipaka juu yake zitabanduka zote mbili. Ikitoka safi, endelea.

---

Likoni Mbao

Dadangu, salamu kutoka Mombasa. Fundi amesema vizuri, mimi naongezea kuhusu MDF tu, kwa sababu huku pwani ndiyo inayotutesa.

Uso wa MDF ni mgumu na laini, lakini ule ukingo uliokatwa ni kama sponji. Rangi unayopaka hapo inaingia yote ndani, ukingo unabaki na vinyweleo, na mvuke wa jikoni unapitia papo hapo mpaka ubao unavimba. Angalia ukingo wa chini wa milango yako iliyo juu ya jiko. Ukiona umefura, mlango huo hautengenezeki kwa rangi, kata mwingine. Ulio mzima, upige msasa wa 240, upake praima ya mafuta, rangi ya kwanza ya kuziba ubao, uache ukauke, upige msasa tena, upake praima mara ya pili. Kingo za milango sita ni mita 12 tu, kazi ya nusu saa. Andakoti ya maji usiianzishie hapo, inaamsha vinyweleo.

Na mambo ya hewa. Huku kwetu na huko Tanga ni bahari moja. Usipake jioni ukaacha milango nje, unyevu wa usiku ukishuka juu ya rangi mbichi asubuhi unaikuta imefifia, haina mng'ao. Anza saa tatu asubuhi, umande ukishakauka, ukome alasiri. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, mimi kazi ya rangi ya mafuta siichukui kama mteja hana chumba kikavu chenye dirisha.

---

Mzee wa Chuda

Mwanangu Zuhra, nimesoma yote na nasikitika hakuna aliyekwambia kitu cha kwanza. Mninga haupakwi rangi.

Nimekuwa seremala Tanga tangu mbao za mninga zikitoka bara kwa treni, na najua leo mtu akitaka milango nane ya mninga mkavu atatoa fedha gani. Mbao yako ina michirizi ya hudhurungi na dhahabu ambayo hakuna kopo litakaloitoa. Ukishaijaza nyeupe, atakayetaka kuirudisha baadaye atakwangua kila pembe kwa mkono.

Tena si uzuri peke yake. Mninga una utomvu mwekundu. Ukiupiga msasa ukafika kwenye ubao, ukapaka nyeupe ya maji moja kwa moja, ule wekundu unapanda juu na kutoa madoa ya kahawia, na ukiongeza mkono mwingine yanapanda tena. Wanaolazimisha hupaka kwanza shelaki au praima ya mafuta ya kuziba. Hiyo ni gharama na kazi ya kuharibu kitu kizuri.

Vanishi iliyobabuka mbele ya sinki inatengenezeka. Milango miwili mitatu hiyo ikwangue mpaka ubao, msasa 100, kisha 150, kisha 240, siku zote kwa kufuata nyuzi za mbao, usikate. Mingine yenye vanishi nzima ioshe mafuta, ipige 240 mpaka mng'ao ufe, upake juu yake. Vanishi ya mafuta ya poliyurethani, mikono mitatu kwenye mbao tupu, wa kwanza uufanye mwepesi kidogo kwa tapentaini ili uingie. Mwambie mjukuu wangu juu aweke nyeupe yake, chini aniachie mninga.

---

Fundi Keko

Mzee, shikamoo. Nilijibu swali la lita kama lilivyoulizwa, lakini umenikumbusha wajibu. Naafiki moja kwa moja. Mbao zingekuwa mkaratusi au paini ningesema paka.

---

Mama Zuhra, Tanga

Mzee wangu, shikamoo moja haitoshi, nasema shikamoo tena. Ahsanteni wote.

Nimefanya ile ya wembe na selotepu kwenye mlango wa juu ulio mbali na jiko: imetoka safi. Kwenye ule ulio juu kabisa ya jiko la gesi imetoka na kipande kikubwa kama ukucha, na ukingo wake wa chini, kama alivyosema kaka wa Likoni, umefura. Huo nautoa, seremala atanikatia mwingine. Kitambaa cha spiriti kwenye mninga karibu na jiko kilitoka kahawia, nikaosha tena na tena mpaka kikatoka cheupe, na kwa kuosha tu ule ubao umerudi kuwa mwekundu wa kuiva. Binti yangu alikuwa amesimama karibu. Ameuangalia, akasema basi nyeupe ikae juu tu.

Fundi wangu nimempigia simu. Kweli alikuwa amejumlisha kuta na dari. Nilimwambia makabati tu, na sasa amekubali tuhesabu ufundi kwa mlango, vifaa nanunua mwenyewe. Sasa nisaidieni hesabu mpya, chini vanishi, juu rangi. Na mnipangie namna ya kufanya huku napika.

---

Fundi Keko

Vizuri sana, mama. Basi zile 12.2 tunazigawa.

Juu: milango 2.88, kingo 0.22, fremu 0.47, mbavu 0.39. Jumla haifiki 4. Mikono miwili ni mita za mraba 8, lita 0.8. Ongeza akiba, unapata lita 0.9. Kopo moja la lita moja, mama, na andakoti kopo moja la lita moja. Mlango mpya wa MDF utakunywa praima zaidi, kwa hiyo praima ya mafuta nayo lita moja. Ukipata ile rangi ya maji ngumu, huenda ikataka mikono mitatu ili ifunike manjano. Hapo chukua makopo mawili.

Chini: zimebaki 8.3. Kama ungepaka vanishi mikono mitatu kila mahali ingekuwa mita 25 za mraba, lita 2.5. Lakini mikono mitatu ni kwa ile milango iliyokwanguliwa tu, mingine miwili inatosha. Nunua makopo mawili ya lita moja, la tatu usinunue mpaka uone limehitajika. Makopo yawe na namba moja ya toleo, huwa imepigwa muhuri chini au kwenye mfuniko, na uyachanganye kwenye chombo kimoja kabla ya kuanza.

Kuhusu kupika: milango yote inatoka. Kabla hujafungua parafujo, andika namba kwa penseli ndani ya kila bawaba na kwenye fremu inapokaa, chini 1 mpaka 8, juu 1 mpaka 6, maana milango ya ukubwa mmoja haikai sawasawa mahali pa mwenzake. Parafujo za kila mlango zitie kwenye bahasha yenye namba yake. Milango inapakwa barazani, wewe unaendelea kupika kwenye makabati yaliyo wazi. Kinachokuhitaji uondoke jikoni ni fremu na mbavu tu. Anza na za juu siku moja, za chini siku nyingine, siku ambazo huna oda kubwa. Unga, sukari na vyombo vitoke kabla ya msasa. Mtungi wa gesi utoke nje kabisa, na mkaa usiwashwe karibu, kwa sababu mvuke wa tapentaini unashika moto. Yale matambara ya vanishi usiyarundike pembeni. Yanaweza kupata joto yenyewe mpaka yakawaka. Yaloweke kwenye ndoo ya maji au uyatandaze nje, moja moja.

Kutoka mkono hadi mkono, acha siku nzima kwa hewa ya Tanga, na katikati pitisha msasa wa 320 kwa wepesi.

---

Mama Zuhra, Tanga

Nimeelewa. Swali la mwisho: nikisharudisha milango, lini naweza kuifuta kwa maji na sabuni? Kwangu inafutwa kila siku.

---

Fundi Keko

Ukiigusa haitanata baada ya siku moja mbili, lakini kukauka kwa ndani kunachukua wiki tatu mpaka nne. Kwa muda huo futa kwa kitambaa chenye maji matupu, kilichokamuliwa, bila sabuni na bila steel wire. Milango usiikomee kwa nguvu. Bandika vipira vidogo kwenye pembe mbili za kila mlango upande wa ndani, rangi isigandane na fremu. Vishikio virudishe mwisho, na kabla ya kuvifunga pitisha tone la rangi ndani ya tundu la parafujo kwa njiti, hasa kwenye MDF, maana mvuke wa jikoni hupenya pale pia.